Mama Mkwe Anang'oa Nyanya Zake kwa Kosa la Kopo Langu

Shangazi Kudra mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama utacheka, maana dada Yosefina jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanipa ushauri ambao sijui kama ni wa kumpa mtu anayenyonyesha.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Shamsia, ana miezi miwili na ameanza kucheka mwenyewe akiangalia pazia. Naishi Picha ya Ndege hapa Kibaha na mume wangu Ashrafu. Nimesoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo, kwa hiyo nikikosea kuandika unisamehe. Kwao mume wangu ni Kisarawe, ndani kabisa kwenye mashamba, na mama yake Bi Mwanajuma ni mkulima ambaye shamba lake halina hata jani moja lililolala vibaya.

Sasa Shangazi, kwao wana jambo lao, mzazi akitoka arobaini anapika chungu cha kwanza mwenyewe, kuku wa nazi na wali, ndugu wa mume wanakuja kula, na nyanya na vitunguu vinatoka shambani kwa bibi wa mtoto, na mzazi akishashika mwiko hakuna mwingine wa kuugusa mpaka chakula kiive. Wanasema ni heshima. Mimi nimeona ni mtihani wa taifa, ila huu hauna cheti na wasimamizi wanakaa na njaa.

Kabla ya siku hiyo mama mkwe hakunichukia, hapana, ila alikuwa ananiita "yule wa Kibaha" hata nikiwa nimekaa mbele yake. Anamuuliza mwanawe, "Yule wa Kibaha ameshakula?" na mimi najibu, "Nimekula mama," anaitikia kwa kichwa kama amesikia redio ya jirani. Kwa hiyo hicho chungu nilikitegemea sana. Nilijisemea moyoni, akila akashiba ataniita jina.

Mwaka huu mama alipanda mbegu mpya ya nyanya aliyopewa na Mzee Pazi, mzee mwenzake waliyepakana naye shamba miaka zaidi ya thelathini, ambaye mbegu huwa anazikausha mwenyewe juu ya gazeti na hauzi, anagawa tu. Zile za kwanza kuiva mama akazichuma zote, hakuonja hata moja, akampa Ashrafu aniletee, akasema hizi ni za mjukuu wangu. Zilikuwa nzuri Shangazi, ngumu, zimejaa. Nikazipenda kupita kiasi. Kwa sababu ya panya nikazitia kwenye ndoo, nikafunika na mfuniko, juu nikaweka tofali, nikaziacha chumbani chini ya bati siku tatu, na jua la mwezi huu wewe mwenyewe unalijua. Asubuhi ya siku ya kupika nafungua ndoo, povu! Zimechacha, zimepasuka, zinanuka kama togwa iliyosahaulika.

Na hapo nje mama mkwe ameshafika na wanawake saba wa Kisarawe, wamekaa kwenye mikeka mlangoni kwangu wanatazama njia. Genge liko hatua ishirini, lakini hizo hatua ishirini zinapita mbele ya macho kumi na sita. Ningetoka na kurudi na mfuko wa nyanya ningejibu nini?

Nikagonga dirisha la nyuma kwa dada Yosefina. Yeye anapika kwa wazungu fulani wa mradi upande wa Tumbi, wakiondoka huwa wanamwachia vyakula. Akanipitishia makopo matatu dirishani, akasema, "Chukua mdogo wangu, hizi nyanya hazijawahi kuniangusha." Mimi nyanya ya kopo ninayoijua ni ile nzito ya kijiko kimoja, na mama mkwe haipendi kabisa, anasema ni rangi ya kupakia milango. Hizi zilikuwa nyingine. Makopo yote matatu yana picha ya nyanya moja ile ile inang'aa, maandishi hatuyaelewi mimi wala yeye, Yosefina huwa anajua kilichomo kwa kutikisa kopo sikioni.

Nikayafungua yote kwa kisu nikayapanga sakafuni nikayaangalia kama mtu anayechagua kanga. La kwanza nyanya nzima nzima, zimemenywa ganda, laini, zinaogelea kwenye maji yake kama mayai ya kuchemsha mekundu. Nikasema hizi hapana, mama akichungulia ataniuliza nani amemenya nyanya zake na kwa nini, kwani zina ugonjwa wa ngozi? La pili zimepondwa, uji mtupu mwekundu. Nikasema hizi ndiyo hapana kabisa, atadhani ni ile rangi yake ya milango. La tatu, Shangazi, vipande. Vimekatwa vidogo vidogo, sawasawa, vina kona nne kama mtu alipima na rula. Nikafurahi, maana vilifanana kabisa na nyanya iliyokatwa na mkwe mwenye adabu na kisu kikali. Nikachagua vipande. Yale mengine mawili nikayamimina kwenye bakuli nikayaficha chini ya kitanda.

Saa nne asubuhi nikabandika. Vitunguu vikakaangika vizuri, kitunguu saumu, tangawizi, kuku wa kienyeji nikamtia, vipande vyangu nikavitia. Mama mkwe kutoka mlangoni akanikumbusha ile sheria yake, akasema, "Tui usitie mpaka nyanya ipotee. Ukitia tui na nyanya bado inaonekana, mchuzi unakatika na mtu anaharisha." Nikasema ndiyo mama.

Nikasubiri nyanya ipotee.

Saa tano akauliza, "Imepotea?" Nikasema, "Bado mama." Saa sita, "Imepotea?" "Bado kidogo mama." Nakoroga, naponda na mwiko, vile vipande vinateleza vinakimbilia pembeni halafu vinarudi vikiwa na kona zake zote. Maji yakakauka nikaongeza. Yakakauka tena. Watu wakaswali adhuhuri wakarudi. Wifi yangu Zuleha, dada wa mume wangu, akapaza sauti kwa wote wasikie, "Wifi, hizo nyanya unazipika au unazisomesha?" Wakacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni, Kibaha ni mji wa shule, zinasubiri matokeo." Mtoto analia, namnyonyesha kwa mkono mmoja nakoroga kwa mwingine, jasho na machozi sijui kipi ni kipi.

Kufika saa tisa yule kuku wa kienyeji, ambaye alikuwa jogoo wa kupigana, amekuwa nyuzi, mifupa imejitenga inaelea, na tui langu nililolikamua asubuhi limechachuka kwenye bakuli. Vipande vya nyanya vizima. Vinang'aa, tena naona kama vimenenepa. Hapo mama mkwe akainuka, akaingia, hakugusa mwiko maana sheria ni yake, akainama akachota kipande kimoja kwa vidole, akakiweka kiganjani, akakitia mdomoni akatafuna taratibu. Nikajua leo narudishwa kwetu.

Akageuka akawaambia wale wanawake, "Huyu mtoto hana kosa. Hii ni mbegu. Pazi amenipa mbegu mbovu." Zuleha akafungua mdomo, mama akamkata, "Nyamaza Zuleha! Mwanangu amesimama jikoni saa tano nzima na mtoto mkononi, wewe umekaa unachekacheka hapo." Mwanangu, Shangazi. Amesema mwanangu. Halafu akanifuta uso na ncha ya mtandio wake. Siku hiyo wageni walikula wali na chumvi na mimi nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu.

Tangu hapo ananipigia simu kila siku, ananiuliza maziwa yanatoka, mgongo unauma, amenitumia unga wa mhogo na mbaazi. Lakini Mzee Pazi hasalimiwi. Alikuja mwenyewe kuuliza kosa lake, mama akamwambia, "Kosa lako limekaa kwenye sufuria ya mwanangu saa tano, nenda kaliulize." Yule mzee akaondoka, na sasa akipita anazungukia kule chini kwenye majaruba ya mpunga ili wasikutane. Na mama amesema Jumamosi hii zile nyanya zote atazing'oa, matuta manane, zimejaa nyanya za kijani zinazoanza kugeuka rangi, amemwita Ashrafu aende na jembe. Ashrafu hajui chochote. Ananiambia, "Mama amezeeka, anang'oa nyanya kwa hasira," na mimi nakunja nepi.

Dada Yosefina ananiambia, "Nyamaza wewe. Mtu akikupenda kwa makosa, unamsahihisha ili iweje?" Na mimi, Shangazi, nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Kuna siku naomba zing'olewe haraka, kabla hazijaiva, maana zikiiva akapika hata mbili tu atajua. Halafu nikimwangalia Shamsia naona aibu, kwa sababu bibi yake aliunyima mdomo wake mwenyewe nyanya za kwanza kwa ajili yake.

Nifanyeje? Ninyamaze? Nimtume Ashrafu akaseme yeye? Au ninunue mbegu nyingine nimpelekee kama zawadi? Nina imani ipo njia ambayo sote tutabaki kuwa watu. Jina langu usiliandike.

Mama Shamsia, Kibaha.

SHANGAZI KUDRA ANAJIBU

Marahaba mama Shamsia, na hongera ya mtoto. Hongera pia ya kugundua njia mpya ya kuhifadhi nyanya. Ndoo, mfuniko, tofali, bati na jua. Siku nyingine ukitaka kuzilinda na panya, zitandaze kwenye ungo, uweke juu ya kabati penye hewa, na panya akila mbili umpongeze, atakuwa amekula kidogo kuliko wewe ulivyomwaga.

Tuanze na kopo ili tumalizane nalo. Zile nyanya za vipande huwa zinatiwa chumvi moja ya kiwandani, ya aina ya chokaa, kwa kusudi hilo hilo, vipande visivurugike. Vimetengenezwa kwa mtu anayetaka kuviona kwenye sahani. Ungevipika mpaka Idi vingekusubiri. Zile zilizopondwa ulizozificha chini ya kitanda ndizo zilizokuwa mchuzi wako, zingepotea kabla mama mkwe hajauliza mara ya pili, na tui lingeingia likiwa tamu. Zile nzima nazo ungezifinya kwa mkono zikakubali. Wewe katika makopo matatu ulichagua lile moja lisiloweza kukusaidia, na ulilichagua kwa sababu lilifanana zaidi na ukweli. Hukuwa unatafuta nyanya ya kupika, mwanangu, ulikuwa unatafuta nyanya ya kuonyesha, na ukaipata. Imeonekana saa tano.

Kinachonishangaza ni kitu kingine. Ulikuwa na ujasiri wa kudanganya nyanya zilikotoka, lakini ukaogopa kudanganya zilikokwenda. Ungemwambia "zimepotea mama", ukatia tui, watu wakala. Hukuweza. Ulisema "bado" mpaka kuku akafa mara ya pili. Kwa hiyo uongo huuwezi, na ninalisema hili kwa nia njema, usiufanye kazi ya maisha.

Sasa nakuonea huruma, lakini kwa ufupi kwa sababu Jumamosi iko karibu. Uliogopa. Siku ya arobaini, maziwa yanavuja, wanawake wanane mlangoni, ndoo ina povu. Mimi ningeruka dirisha la nyuma nikamwachia Yosefina mtoto. Na huyo Yosefina mwambie nimemsalimia, na kwamba ushauri wake ni kama makopo yake, anautikisa tu sikioni.

Huruma imekwisha. Sikiliza.

Unaniuliza unyamaze. Ukinyamaza, mwanamke mzima atainama juani ang'oe matuta manane ya nyanya ambazo hazina kosa, na mzee aliyempa mbegu bure ataendelea kupita majarubani kama mwizi. Halafu wewe utapokea mbaazi. Unaniambia umeomba zing'olewe haraka. Hilo dua lirudishe ulikolitoa, tena leo. Kulikiri kwako ndiko kulikonifanya nikujibu, maana barua zilizofika pamoja na yako zilikuwa na watu wanaolia zaidi na wanaoona aibu kidogo.

Unaniuliza umtume Ashrafu. Ashrafu ndiye aliyechacha kwenye ndoo? Mwache. Mwambie mapema asije akajikuta ameshika jembe hajui kwa nini, lakini ulimi uwe wako. Mbegu za zawadi ndiyo usiniambie tena, unataka kumletea Mzee Pazi mpinzani?

Nenda Kisarawe na mtoto. Usipige simu, kwenye simu utasema "bado kidogo mama". Ukifika mwamkie, na kabla hujaketi na kabla hujapewa maji, sema hivi, "Mama, zile nyanya zako ziliniharibikia kwenye ndoo, nikapika za kopo, nikaogopa kukwambia." Usianze na panya. Usimtaje Yosefina. Usilie mpaka umalize sentensi.

Atakasirika, sitakudanganya. Inawezekana kwa wiki kadhaa ukawa tena yule wa Kibaha, na Zuleha atapata vichekesho vya kumtosha mpaka mtoto aanze shule. Kaa. Usichukue mtoto ukaondoka. Akimaliza kusema, mwombe muende wote shambani mkachume zile zilizoanza kugeuka rangi, hata kama ni nne, hata kama zina uchachu. Mpike hapo hapo. Zikipotea, na zitapotea, mbebe bakuli mpaka kwa Mzee Pazi, yeye mbele wewe nyuma, na maneno ya kuomba radhi uanze wewe, kwa sababu mama mkwe hakuwa na la kuomba. Alikosea kwa kukuamini.

Na hilo ndilo unalosahau katika hofu yako yote. Siku ile mama mkwe wako hakuwa amekula chochote. Mchuzi ulikuwa umeshaharibika, wageni wana njaa, bintiye wa kumzaa anacheka, na yeye akasimama upande wako. Hakukuita mwanangu kwa sababu ya mchuzi, mchuzi haukuwepo. Amekutetea bila kujua. Mpe nafasi akutetee akijua, au akukaripie akijua, vyote viwili ni vya mama.

Jina lako sikuliandika kama ulivyoomba, na ya wenzako wote nimeyabadilisha. Nyanya sikuweza kuzibadilisha, na hadithi ya nyanya zilizokaa jikoni saa tano bila kupotea nadhani Kisarawe haina mbili. Gazeti hili linafika barabarani kwako Alhamisi asubuhi. Kule ndani kwa mama mkwe linafika mchana, na wifi yako, kwa jinsi ulivyomweleza, atalisoma kwa sauti.

Mfunge mtoto mgongoni uondoke sasa hivi.